Hivi hawa wanaoshuka mlima wa barafu kwa kilomita 140 kwa saa, uoga wao wameuweka wapi?

#1 Kandambili
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa baa nasubiri mechi ya usiku, mhudumu kapoteza rimoti, TV ikabaki kwenye chaneli ya michezo ya Ulaya. Walikuwa wanarudia skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao mbili miguuni, ile ya kushuka mlima moja kwa moja.

Jamaa yuko kwenye kibanda juu kabisa. Mbele yake mlima umekatika, hata unakoelekea huoni. Anapuliza pumzi kama anawasha jiko la mkaa lenye unyevu, anajisukuma kwa fimbo mbili, huyoo. Pembeni ya skrini wakaandika 105. Mara 127. Mara 140 na ushee. Mwilini ana nguo nyembamba kama soksi. Baa nzima kimya.

Wa tano au wa sita akapaa, akatua kwa mgongo, akaviringika mpaka kwenye nyavu nyekundu. Ikaja helikopta, wakamning'iniza kwa kamba wakaondoka naye. Baada ya kama dakika ishirini mwingine akajisukuma kutoka kibanda kilekile.

Swali langu linamhusu huyo aliyefuata. Kichwani mwake kuna nini? Mimi nasema wamezaliwa bila uoga, kama wapo wanaozaliwa hawatofautishi nyekundu na kijani. Nipingeni.

#2 Bin Shomari
Pesa. Uzi ufungwe.

#3 Shangazi Mkali
Bin Shomari hata kwenye uzi wa bei ya mchicha ulijibu "pesa".

#4 Bin Shomari
Na kwenye mchicha nilikosea wapi?

#5 Mpishi wa Tirol
Kandambili, nadhani ulichoona ni Kitzbühel. Nipo mkoa huu wa Tirol, Austria, mwaka wa tisa, jikoni kwenye hoteli. Hiyo njia wanaiita Streif, na mashindano ya hapa Kitzbühel yalianza 1931. Urefu mita 3,312, na kutoka juu mpaka chini unashuka mita 860. Rekodi ni dakika 1 na sekunde 51.58, aliiweka Fritz Strobl mwaka 1997, na mpaka leo wanaikimbilia tu.

Hapo mlima ulipokatika panaitwa Mausefalle, yaani mtego wa panya. Mteremko asilimia 85. Sekunde chache tu tangu uondoke kibandani tayari uko hewani, na wapo wanaoruka karibu mita 80 kabla ya kugusa chini.

Ila la kuzaliwa bila uoga nakataa. Msimu mmoja tulilaza timu ya nchi moja, siitaji. Jioni ya kabla ya mashindano tuliwapelekea wali, kuku, tambi, kila kitu. Nusu ya sahani zilirudi kama zilivyotoka. Asubuhi, mayai yale yale, yamechokonolewa tu kwa uma. Nimepika harusi, nimepika misiba, najua sahani ya mtu mwenye hofu. Jumapili baada ya mashindano walikula mpaka mkate wa wafanyakazi.

#6 Bin Shomari
Asilimia 85?? Si ukuta huo! Imebaki 5 tu iwe wima.

#7 Fizikia Kidato cha Sita
#6 hapana mkuu. Asilimia siyo digrii. Asilimia 85 maana yake kila ukienda mita 100 mbele unashuka mita 85. Ukipiga hesabu ni kama digrii 40. Asilimia 100 ni digrii 45 tu.

Lakini usidharau digrii 40. Paa la bati la nyumba nyingi hapa kwetu halifiki huko. Sasa limwagie maji yagande, halafu simama juu yake na mbao mbili.

#8 Bin Shomari
Nimekubali somo. Pesa bado iko palepale.

#9 Dereva wa Nyanda za Juu
Salaam wote. Mimi sijui skii ila mteremko naujua. Miaka 17 nashusha shaba kutoka Tunduma kwenda Dar, Kitonga naijua kona kwa kona, jiwe kwa jiwe.

Kandambili, mtu asiye na uoga Kitonga hamalizi mwaka. Tulikuwa na kijana, utingo wangu kabla hajapata leseni, anaachia fri kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Nikamwambia mteremko unashuka kwa gia uliyopandia. Akacheka. Leo anauza chipsi, mguu mmoja una chuma. Namshukuru Mungu anauza chipsi.

Wanaobaki barabarani ni waoga wenye utaratibu. Unajua kona ya tatu inavyovuta kushoto, unajua wapi lami imechakaa, unakuwa umeshaamua kabla hujafika. Nahisi hao wazungu ni hivyohivyo.

#10 Mpishi wa Tirol
Dereva umegusa penyewe. Hawaruhusiwi kushuka tu siku ya shindano bila kuijua njia. Kunakuwa na siku za mazoezi kabla, na kila asubuhi kuna ukaguzi: wanashuka kiubavu polepole, wanasimama kwenye kila mlango wa bendera, wanaangalia barafu imekaaje, wanabishana na kocha. Njia yenyewe wanaimwagia maji kwa makusudi igande iwe ngumu. Anayedhani ni theluji laini kama pamba aje ajaribu. Wanachora na mistari ya bluu, maana jua likijificha macho hayaoni kilima wala shimo, kila kitu cheupe.

Halafu kabla ya zamu yake utamkuta amefumba macho, mikono inacheza hewani, kiwiliwili kinapinda kulia, kushoto. Anashuka mlima mzima kichwani. Mara ya kwanza nilidhani anasali.

#11 Ustadh wa Pembe ya Chaki
Niliposoma #10 nimekumbuka chuoni. Aliyehifadhi sura hafikirii aya inayofuata, ulimi unakwenda wenyewe. Ole wake akianza kujiuliza "hapa inakuja ipi?" Hapo hapo anakwama, na bakora ipo. Huenda wenzetu hao wamehifadhi mlima. Uoga unakosa pa kukaa kwa kuwa kichwa kimejaa.

#12 Fizikia Kidato cha Sita
Ustadh yuko sahihi kwa hesabu pia. Kilomita 130 kwa saa ni mita 36 kila sekunde. Mtu akiona kitu, mwili unajibu baada ya kama robo sekunde. Ameshakwenda mita 9! Ukingoja kuona ndipo uamue, umeshapita. Lazima uwe umeamua tangu kibandani.

Na tofauti zao ni za kuchekesha. Olimpiki ya Vancouver 2010, Didier Défago wa Uswisi alichukua dhahabu kwa kumzidi Aksel Lund Svindal wa Norwei kwa sekunde 0.07. Sochi 2014 wanawake wawili, Tina Maze wa Slovenia na Dominique Gisin wa Uswisi, walimaliza kwa muda uleule, 1:41.57, wakapewa dhahabu wote wawili. Na huku ni mteremko mmoja tu, hakuna raundi ya pili ya kurekebisha. Ukipunguza mwendo kidogo kwa uoga, hata robo sekunde, umetoka kwenye medali.

#13 Nesi wa Zamu
Naheshimu walioongea, ila mimi nipo wodi ya mifupa na nina nadharia yangu. Vijana wa boda tunaowapokea Jumamosi usiku, ukiwauliza wanasema "sikufikiria". Kweli hakufikiria. Hana picha ya kuanguka kichwani. Miaka 20, 22, kila kitu kinamtokea mwenzake. Hao wa skii nao wanaanza utotoni, wanafika huko juu kabla ile picha haijaingia.

#14 Shangazi Mkali
Nesi, na wanaorudi baada ya kuvunjika je? Hiyo picha wanayo mpaka na vyuma vyake.

Hermann Maier wa Austria, Olimpiki ya Nagano 1998. Alipaa kwenye mteremko mpaka ulimwengu mzima ukajua amekufa. Alipita juu ya uzio kama mfuko wa rambo. Siku tatu baadaye akachukua dhahabu ya super-G, ile ya kasi lakini yenye kona zaidi, na baadaye tena dhahabu nyingine kwenye slalomu kubwa, ile ya kona nyingi kati ya bendera. Mwaka 2001 akapata ajali ya pikipiki, mguu ulinusurika kukatwa. Januari 2003 amerudi na kushinda Kitzbühel hukohuko. Sasa huyo alikuwa hajui kuanguka?

#15 Nesi wa Zamu
Shangazi umenibana. Narudisha nusu ya nadharia.

#16 Kandambili
Naona mnanithibitishia kwamba ni wagonjwa 😂

#17 Mwashi Mstaafu
Shangazi umesahau jambo moja kubwa, Maier alikuwa mwashi! Mwenzetu. Alijenga kuta wakati timu za vijana zimemwona hafai. Aliyezoea kusimama kwenye jukwaa la mirunda ghorofa ya nne akiwa na ndoo ya zege hawezi kutishwa na mtego wa panya.

#18 Mpishi wa Tirol
Ni kweli, alikuwa fundi mwashi. Didier Cuche wa Uswisi, aliyeshinda mteremko wa Streif mara 5, alisomea ubuchani. Franz Klammer, yule wa dhahabu ya Innsbruck 1976, mtoto wa mkulima. Ni watoto wa vijijini milimani, skii kwao ilikuwa njia ya kwenda shule.

Kuhusu pesa, Bin Shomari, mshindi wa Kitzbühel miaka ya karibuni anachukua kama euro 100,000.

#19 Bin Shomari
NILISEMA.

#20 Mpishi wa Tirol
Subiri nimalize. Huyo ni mmoja. Pointi za Kombe la Dunia la skii, yaani mashindano ya msimu mzima, zinakwenda kwa 30 wa kwanza: wa kwanza 100, wa thelathini 1. Zawadi nazo zinashuka kwa kasi kuliko wao wenyewe. Nyuma ya hao kuna vijana chungu nzima wanaohatarisha shingo ileile kwa hela ya kununulia nta ya kupaka mbao. Hapa Austria wengi wanaajiriwa jeshini ili wapate mshahara. Italia ni polisi, walinzi wa fedha, jeshi.

#21 Mkilifi Halisi
Kumbe ni kama Kenya tu. Wakimbiaji wetu wengi ni polisi, magereza, KDF. Rudisha mwenyewe, bingwa wa mita 800, alikuwa polisi.

Na mbona hamjamtaja dada yetu? Sabrina Wanjiku Simader, kazaliwa Kilifi 1998, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu hivi, baba wa kambo Mwaustria akamfunza skii. Pyeongchang 2018 alibeba bendera ya Kenya na akashindana super-G na slalomu kubwa. Mkenya wa kwanza kwenye skii ya mlima Olimpiki.

#22 Bin Shomari
Wa kwanza ni Philip Boit bwana, 1998. Yule mzungu alimsubiri mwishoni akamkumbatia.

#23 Mkilifi Halisi
Soma vizuri ndugu yangu. Nimesema skii ya MLIMA. Boit alikuwa wa skii ya kutembea masafa, ile ya tambarare na vilima, mbao nyembamba. Ni kweli Nagano 1998 alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa mwenyewe, akamngoja pale mwishoni ampongeze. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Daehlie. Lakini hiyo ni pumzi na miguu, si kujitupa kutoka mlimani.

#24 Shangazi Mkali
Mtoto wa Eldoret anaitwa Daehlie. Hii ndiyo habari bora kwenye uzi wote.

#25 Chukudu ya Goma
Bandugu, jambo. Mambo ya kushuka mulima ile tunaijua huku kwetu. Mi nilitembeza chukudu miaka kumi na moja. Kwa bale hawajue: ni kama trotineti kubwa ya mbao, tunabeba makala (mkaa), viazi, mashu (kabichi). Kutoka Kibumba mpaka Goma ni kushuka tu. Unapiga goti juu ya mbao, muzigo kilo mingi mbele yako, breki ni kipande ya mupira unakandamiza na muguu kwa gurudumu ya nyuma.

Siku ya kwanza niliogopa sana, niliweka breki njia yote, mupira ukaisha, nikaanguka. Muzee moja akaniambia: wewe ulianguka juu uliogopa. Ukiogopa unakaza mwili, chukudu inasikia. Siku zingine niliogopa vilevile lakini nikalegeza mwili. Woga haikutoka, ilihamia tumboni tu.

#26 Mpagazi wa Njia ya Machame
Chukudu amenena! Kilimanjaro ni hivyohivyo. Kutoka Stella Point kushuka mpaka kambi ya Barafu, ile changarawe na vumbi. Mgeni amepanda usiku kucha, sasa anashuka, anaogopa, anaegemea nyuma. Miguu inamtoka, anakaa chini. Tunamwambia inamia mbele, piga kisigino, acha changarawe ikubebe. Kuinamia mbele kwenye mteremko ni kinyume cha akili zote za binadamu. Wazungu wa skii tuliowapandisha wanasema kwao pia ukikaa nyuma mbao zinakukimbia, zinakuamulia zenyewe.

Kwa hiyo mimi naona siyo kwamba hawaogopi. Mchezo wenyewe unamwadhibu mwoga haraka, basi wamejifunza kudanganya mwili.

#27 Kijana wa Fursa
Samahani kutoka nje ya mada. Mpishi wa Tirol, huko jikoni wanachukua watu? Nina cheti cha hoteli.

#28 Mpishi wa Tirol
Njoo inboksi. Anza kujifunza Kijerumani leo.

#29 Shangazi Mkali
Naona hakuna aliyegusa wanaokufa. Ulrike Maier wa Austria alikufa Garmisch, Ujerumani, Januari 1994 kwenye mteremko, ameacha binti wa miaka minne. David Poisson wa Ufaransa, mazoezini Kanada, Novemba 2017. Hapo kulegeza mwili kulisaidia nini?

#30 Mpishi wa Tirol
Shangazi, hilo hapa linazungumzwa kwa sauti ya chini. Hata wasiokufa: Daniel Albrecht wa Uswisi mwaka 2009 alianguka kwenye mruko wa mwisho wa Streif, karibu kabisa na mashabiki, akalala bila fahamu karibu wiki tatu. Hans Grugger 2011, Mausefalle, mazoezini, hakurudi tena kushindana. Na Cyprien Sarrazin wa Ufaransa: Januari 2024 ameshinda Streif mara mbili ndani ya siku mbili. Desemba mwaka uleule, mazoezi ya Bormio Italia, ameanguka, damu imevujia kichwani, akapasuliwa.

Kuanzia msimu wa 2024/25 wamelazimishwa kuvaa puto la hewa ndani ya nguo. Linajijaza lenyewe likihisi unaanguka.

#31 Dereva wa Nyanda za Juu
Niulize jambo la kitaalamu. Hizo mbao zina breki?

#32 Mpishi wa Tirol
Hazina. Zipo breki ndogo zinazojitokeza mbao ikichomoka mguuni, isiende kumchoma shabiki. Wewe mwenyewe unafunga breki kwa kugeuza ubavu. Mbao za wanaume kwenye mteremko ni zaidi ya mita 2.15, hazipendi kugeuka.

#33 Dereva wa Nyanda za Juu
Basi mimi hapo nateremka kwenye gari.

#34 Binti Mwenye Goti
Mimi nilicheza netiboli mpaka kano ya goti ikakatika. Nilifanyiwa upasuaji, nikapona, nikaruhusiwa. Sijarudi uwanjani na ni mwaka wa sita. Nikifika mstari, goti linaniambia "unakumbuka?" Goti halina kinywa lakini linasema.

Kwa hiyo namuangalia Lindsey Vonn simwelewi. Dhahabu ya mteremko Vancouver 2010, magoti yamekatika na kurudi, amestaafu 2019. Mwaka 2024 wamemwekea titani kwenye sehemu ya goti la kulia. Machi 2025, ana miaka 40, amekuwa wa pili super-G ya Sun Valley. Mimi sidhani ni pesa, hela anazo. Sidhani ni ujana. Nadhani kuna watu wakiishi polepole wanaumwa zaidi.

#35 Nesi wa Zamu
Binti, pole sana. Wagonjwa wa namna hiyo ninao. Yupo wa boda aliyetoka na magongo, mwezi wa tatu nikamuona barabarani. Nikamuuliza, akasema nyumbani kulikuwa kunamnyonga. Sikuwa na la kumjibu kitaaluma.

#36 Bin Shomari
Nyumbani kunamnyonga kwa kukosa nini? Nauliza tu.

#37 Nesi wa Zamu
😂😂 Haya, kwa huyo wa boda umeshinda.

#38 Mwashi Mstaafu
Binti mwenye goti asijilaumu. Svindal yule wa Norwei mwaka 2007 alianguka Beaver Creek, Marekani, uso ukavunjika, ukingo wa mbao ukamkata vibaya sana. Mwaka uliofuata amerudi njia ileile na kushinda mteremko. Lakini kwa kila mmoja wa namna hiyo wapo wangapi waliorudi vijijini kwao kimya kimya wakafungua karakana? TV haiwaonyeshi.

#39 Ustadh wa Pembe ya Chaki
Na kuna jambo la kijiji pia. Mpishi, nakuuliza: huko wanakotoka, mtu akikataa kushuka akiwa kibandani anaonekanaje?

#40 Mpishi wa Tirol
Swali zito. Hadharani wanamheshimu, wanasema ana akili. Lakini hapa kijana akiwa na miaka 12 jina lake limeshaandikwa ukutani kwenye klabu, baba yake anamsubiri chini, mjomba ndiye anayenoa mbao. Siku ya Jumamosi ya Kitzbühel mashabiki ni makumi ya maelfu, bia tangu saa mbili asubuhi. Mshindi anapata hadi behewa la waya la kupandia mlima lenye jina lake. Kijana anayewaza kurudi nyuma anawaza hayo yote.

Halafu maisha yao mengine ni kungoja. Upepo, ukungu, wamesogezewa saa, wameahirishiwa. Mwezi wa nane wapo Chile au Nyuzilandi kutafuta theluji. Desemba Val Gardena na Bormio, Januari Wengen, wiki inayofuata hapa kwetu. Vyote hivyo kwa dakika mbili. Nimewaona ukumbini wakicheza karata masaa manne bila kuzungumza.

#41 Kandambili
Wakuu nimesoma yote. Mlivyoniambia: wanaogopa lakini wamehifadhi mlima, wanaogopa ila wamelegeza mwili, hawana picha, wana picha ila nyumbani kunawanyonga, aibu ya kijiji, uashi, na pesa. Nilikuja na swali moja naondoka na saba.

#42 Bin Shomari
Uliyataja sita ya kupoteza muda na moja sahihi.

#43 Chukudu ya Goma
Mi nauliza: wakifika chini, mulima wanaupanda na nini?

#44 Mpishi wa Tirol
Behewa la waya. Lina viti.

#45 Chukudu ya Goma
Aa. Basi si bado hawajaanza kazi.

#46 Mpishi wa Tirol
😂 Nitawafikishia. Jumamosi wanashuka tena, kwenu itakuwa saa saba na nusu mchana. Kandambili mwambie mhudumu aache rimoti ipotee.

#47 Kandambili
Nimemwambia. Amesema rimoti imepatikana, na Jumamosi saa hiyo kuna marudio ya ngumi.